Jinsi ya kuanzisha katuni yako ya kila siku kwa kumfuata mzee Charles Schulz, yule wa Snoopy

Snoopy unamjua hata kama hujawahi kusoma katuni yake hata moja. Yule mbwa mweupe mwenye masikio meusi yuko kwenye fulana za mitumba, mabegi ya shule, vikombe, saa za ukutani, kila mahali, na wengi wanaomvaa hawajui kwamba alizaliwa gazetini. Aliyemchora ni Mmarekani anaitwa Charles Schulz, na kuanzia tarehe 2 Oktoba 1950 mpaka Februari 2000 jamaa alichora katuni 17,897 za Peanuts, ndo katuni ambayo Snoopy yumo, peke yake, hana msaidizi wa kuchora, hana wa kupaka wino, hana wa kuandika maneno, yeye na meza yake tu.

Naandika hii kwa ajili ya mtu anayechora chora kwenye daftari au kwenye simu na anatamani kuwa na katuni yake inayotoka kila siku, iwe gazetini iwe kwenye ukurasa wake mtandaoni, ila kila siku anajiambia mkono wangu bado, sijasoma sanaa, sina kompyuta ya kuchorea. Schulz ndo mwalimu wako. Wachoraji wa magazeti waliokuwa mafundi kuliko yeye wapo, mchukue Winsor McCay wa Little Nemo, huyo alianza 1905 na alikuwa anapewa ukurasa mzima wa gazeti la Jumapili anauchora majumba ya kifalme na kitanda kinachotembea kwa miguu juu ya mapaa ya mji, sasa ukianza kwa kumuiga huyo utakata tamaa kabla ya chai ya saa nne. Schulz alipewa kanafasi kadogo akafanya kazi na hako hako, na karibu kila alichokuwa anafanya unaweza kukijaribu leo ukiwa na penseli na rula.

Historia yake fupi ili tuelewane mbele. Kazaliwa Minneapolis mwaka 1922, kakulia St. Paul pale jirani, baba yake kinyozi, yeye ndo mtoto pekee. Hajamaliza hata wiki duniani mjomba wake kambatiza Sparky, jina lililotoka kwa farasi wa kwenye katuni ya gazeti, yaani dogo kaanza maisha akiwa tayari ndani ya katuni. Shuleni alipeleka michoro kwenye kitabu cha mwaka wakaikataa. Akasoma uchoraji kwa posta, unatumiwa somo, unachora, unarudisha linasahihishwa, na kwenye kuchora watoto akapata C+, mtu ambaye baadae alikula kwa kuchora watoto karibu miaka hamsini! Mwaka 1943 kachukuliwa jeshini na siku hizo hizo mama yake akafa kwa kansa, akaenda vitani Ulaya na hilo kichwani, akarudi akawa mwalimu kwenye chuo kile kile cha posta. 1947 akapata kanafasi kwenye gazeti la St. Paul Pioneer Press, katuni inaitwa Li'l Folks, inatoka mara moja kwa wiki, akaomba imsogezewe mahali pazuri na alipwe vizuri zaidi wakamkatalia, akaacha. Miezi michache baadae shirika la kusambaza katuni la United Feature Syndicate la New York likamchukua, likambadilishia jina la katuni likawa Peanuts, jina alilolichukia mpaka anakufa. Siku ya kwanza ilitoka kwenye magazeti saba tu.

Haya, tuanze kazi.

Boksi kwanza

Kabla hujafikiria mhusika, fikiria boksi. Wale wa New York waliuza Peanuts kwa wahariri kama katuni ya kubana nafasi: boksi nne zinazolingana, ndogo, mhariri akitaka anazipanga kwa mstari, akitaka mbili juu mbili chini, akitaka anazishusha wima pembeni mwa matangazo. Schulz hakufurahia kuwa mdogo kuliko wenzake kwenye ukurasa, nani angefurahi, lakini angalia alichokifanya. Kwa kuwa nafasi ni ndogo akatoa kila kitu. Hamna mandhari ya maana, hamna vivuli vingi, ukuta mmoja, mti mmoja, majani ya chini mistari kadhaa, na watoto wawili wanaongea. Matokeo yake kwenye ukurasa uliojaa katuni zenye wino kila kona, jicho lilikuwa linakimbilia pale penye weupe.

Na wewe fanya hivyo. Chukua karatasi ya A4 ilale, chora boksi nne kila moja upana sentimita 6.5 na kimo sentimita 7, kati ya boksi na boksi acha nusu sentimita, itabaki pembezoni kidogo ya kushika. Zikichapishwa zitapungua, hilo zuri, mchoro ukipunguzwa makosa madogo yanajificha, ndo maana wachora katuni wa magazeti karibu wote huchora kubwa kuliko inavyotoka. Ila kabla hujaridhika piga picha kwa simu uiangalie kwa udogo wa kwenye simu, ukishindwa kusoma maneno au kujua nani ni nani ujue umejaza mno.

Faida ya boksi zinazolingana leo ni ile ile ya 1950. Instagram unaweka mbili juu mbili chini inakuwa karibu mraba, kwa watu wa kusogeza na kidole unazishusha wima, gazeti likikuita unazilaza. Hujachora upya kitu. Schulz alikaa na boksi nne mpaka 1988 ndo akaanza kujiachia, siku nyingine tatu, siku nyingine moja ndefu, lakini hapo kashazikalia miaka karibu arobaini kwa hiyo usijifananishe, wewe kaa na nne mpaka ufike mahali ambapo zinakubana kweli na unaweza kusema kwa nini.

Watu wako watoke wapi

Hapa ndo wengi tunapoharibu, unakuta mtu kaanza na shujaa mwenye misuli wa kutoka sayari gani sijui. Schulz alichukua watu wa jirani. Kwenye kile chuo cha posta kulikuwa na mfanyakazi mwenzie anaitwa Charlie Brown, mtu wa kweli kabisa, akamwomba jina akampa mtoto ambaye ndo mhusika mkuu wa Peanuts. Linus, jina la mtoto mwingine wa kwenye katuni, kalitoa kwa rafiki yake Linus Maurer, mchoraji wa hapo hapo. Frieda pia ni jina la mfanyakazi mwenzao. Snoopy chanzo chake ni Spike, mbwa wa nyumbani kwao wakati Schulz mdogo, mbwa mweusi na mweupe aliyekuwa anakula pini na misumari midogo, na mchoro wa mbwa huyo ndo mchoro wa kwanza wa Schulz kuchapishwa, mwaka 1937 kwenye ile safu ya maajabu ya Ripley. Halafu kulikuwa na Donna Johnson wa idara ya uhasibu, msichana mwenye nywele nyekundu, Schulz akamposa mwaka 1950 akakataliwa, binti akaolewa na mwingine. Ndo yule msichana mwenye nywele nyekundu anayependwa na Charlie Brown miaka yote na Charlie Brown hathubutu hata kwenda kumsalimia. Na kwenye katuni za kila siku hamuoni, karibu miaka yote huyo msichana yuko nje ya boksi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ya kuandika ni hii: andika watu watano au sita unaowajua kweli, badilisha majina kama hujaomba ruhusa (ombeni ruhusa jamani), na mbele ya kila mmoja andika kitu kimoja anachokitaka sana na kwa nini hakipati. Usiandike tabia kama mpole, mcheshi, mkorofi, hizo hazikupi katuni hata moja. Anachotaka na hakipati ndo kinakupa katuni za miaka. Charlie Brown anataka timu yake ya besiboli ishinde na kishada chake kipae, lakini kuna mti unakula vishada. Lucy, yule binti mbabe, anataka Schroeder, mtoto mpiga kinanda, ampende. Schroeder anataka muziki wa Beethoven na kile kinanda chake cha kuchezea. Linus anataka blanketi lake na anataka Boga Kuu litokee shambani usiku wa Halloween, anakesha kila mwaka halitokei. Snoopy anataka kumtungua rubani wa Kijerumani akiwa amekaa juu ya paa la kibanda chake anachojifanya ni ndege, anarudi na matundu ya risasi. Hakuna anayepata! Schulz mwenyewe alikuwa na msimamo kwamba kushinda ni kuzuri ila hakuchekeshi, na ukisoma Peanuts za mfululizo unaona namna alivyoushikilia huo msimamo bila huruma.

Katuni ya kwanza kabisa yenyewe ukiitafuta utaelewa. Watoto wawili wamekaa, Charlie Brown anakuja anapita, mmoja anamsifia sifia mwenzetu huyo anakuja, anapita, anaondoka, na boksi la mwisho yule yule aliyekuwa anasifia anasema jinsi anavyomchukia. Mwaka 1950 katuni za watoto zilikuwa za vituko vya utamu utamu, huyu siku ya kwanza kaingia na chuki ya mtoto kwa mtoto. Sio ukatili wa kubuni huo, mtu yeyote aliyekaa uwanja wa shule wakati wa mapumziko anaujua.

Wahusika wako wakianza kubadilika waache. Snoopy alianza mbwa wa kawaida wa miguu minne, halafu msomaji akaanza kuona mawazo yake, halafu akasimama kwa miguu miwili, mpaka akawa mwandishi wa riwaya na rubani. Charlie Brown wa miezi ya mwanzo alikuwa mtundu anayechokoza watu, ule unyonge ulikuja baadae. Na asiyefanya kazi mtoe. Kulikuwa na binti anaitwa Charlotte Braun, aliingia 1954, kazi yake ni kupiga kelele tu, haikusaidia chochote maana Lucy yupo, msomaji mmoja akaandika barua ya kumlalamikia na Schulz akajibu sawa nitamwondoa ila ujue damu ya mtoto iko mikononi mwako, na chini ya barua kamchora Charlotte na shoka kichwani. Hiyo barua iko kwenye maktaba ya Bunge la Marekani mpaka leo.

Mkono

Vifaa: penseli, raba nzuri isiyochafua, rula, kalamu moja nyeusi isiyochuja. Basi. Schulz alikuwa anatumia nibu ya kuchovya kwenye wino, Esterbrook namba 914, nibu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandikia na wala sio ya wasanii, na kampuni ilipofikia mwisho akanunua nibu zote zilizobaki, zikamtosha mpaka kustaafu. Siyo kwamba uitafute hiyo nibu. Ninachotaka uone ni kwamba aliijua kalamu moja hadi ndani, akikandamiza inatoa mstari mnene, akilegeza mwembamba, na uhai wa Peanuts uko kwenye huo mstari. Kwa hiyo chagua kalamu moja inayopatikana dukani kwenu bila shida na uchore nayo hiyo hiyo muda mrefu, acha kuruka ruka. Wa kuchora kwenye simu au tableti nao hivyo hivyo, brashi moja, unene mmoja, funga zile nyingine mia.

Maumbo sasa. Kichwa kikubwa karibu duara, mwili mdogo, mikono mifupi kiasi kwamba ukipima vizuri haifiki juu ya kichwa, na hakuna anayejali. Macho nukta mbili. Nyusi ndo zinafanya kazi yote, mstari mmoja mdogo ukiinama huku ni hasira, ukiinama kule ni huzuni, na kale kamstari ka mdomo wa Charlie Brown kanakotetemeka. Zoezi: chora uso mmoja wa nukta mbili na mdomo, urudie ukurasa mzima, kila mara badilisha nyusi na mdomo tu, chini yake andika anachohisi. Ukimaliza ukurasa mpe mtu asome nyuso bila kuona maneno. Anapokosea ndo pa kurudia.

Kitu kingine ambacho watu hawakioni mpaka waambiwe: Schulz alikuwa hachori kutoka juu. Watoto wake unawaona kutoka ubavuni, usawa wa macho yao, majani unayaona kwa upande kama vile umelala chini nao. Watu wazima karibu hawaonekani kabisa. Ukileta mtu mzima mmoja kwenye boksi watoto wote wanageuka wadogo, habari inakuwa ya mkubwa. Wewe chagua usawa wako na usihame, kama katuni yako ni ya makonda basi jicho likae usawa wa mlango wa daladala, kama ni ya mama lishe basi liwe usawa wa jiko.

Maneno yaandike kabla ya kuchora watu, kwa penseli, ndani ya boksi, halafu watu ndo wakae kwenye nafasi iliyobaki. Ukianza na watu utajikuta unabanabana herufi kwenye kona. Kiswahili chetu kina maneno marefu, neno moja la kitenzi lina herufi kumi na tano na huwezi kulikata vizuri, kwa hiyo hesabu: kiputo kimoja kwenye boksi la saizi niliyokupa kisizidi maneno kumi hivi. Schulz kabla hajapata katuni yake alifanya kibarua cha kuandika maneno kwenye vitabu vya katuni vya Kikatoliki, kazi yenyewe hasa ni kujaza viputo, na ukiangalia herufi za Peanuts unaona hicho kibarua kililipa.

Halafu kuhusu mkono kutokuwa tayari. Mwaka 1981 Schulz alipasuliwa moyo, na baada ya hapo mkono ukaanza kutetemeka. Angalia Peanuts za miaka ya tisini, mistari inayumba, duara la kichwa lina mawimbi. Hakuacha wala hakutafuta kijana wa kumchorea, na mimi kwa maoni yangu baadhi ya zile zenye mistari ya kutetemeka ni nzuri kuliko za miaka ya themanini zilizonyooka. Sa wewe unasubiri mkono gani?

Kuchekesha kila siku, inawezekanaje

Kwa kurudia. Msomaji wa kila siku hataki kitu kipya, anataka kitu kile kile na mabadiliko kidogo. Ule mchezo wa mpira: Lucy anashika mpira, Charlie Brown anakimbia aupige, Lucy anauondoa, jamaa anapaa na kuanguka chali. Schulz aliuanza na binti mwingine anaitwa Violet mwaka 1951, Violet aliuachia kwa kuogopa kupigwa mkono, mwaka uliofuata akaja Lucy ambaye yeye anafanya makusudi, na baada ya hapo karibu kila mwaka wanarudia, na msomaji anajua atauondoa, Charlie Brown naye anajua, kinachobadilika ni sababu ya kuamini tena. Mwaka huu kaapa, mwaka ule kampa karatasi yenye saini, mwaka mwingine ni hotuba tu ya kuaminiana. Aisee hapo ndo akili ya mtu huyu ilipo.

Namna ya kufanya: chagua matukio matatu ya kwenye dunia yako yanayojirudia, mfano makubaliano ya nauli, umeme kukatika mpira ukiwa dakika ya themanini, jirani anayekopa chumvi. Kila tukio liandikie matoleo kumi, mwisho uwe ule ule ila sababu iwe tofauti. Matano ya kwanza yatakuja yenyewe na yatakuwa ya kawaida, yale ambayo kila mtu angeyawaza. Kuanzia la sita unaanza kutoa jasho, na hapo ndo za kwako zilipo. Schulz hakuwa anasubiri wazo limshukie, alikuwa anakaa na karatasi za njano anachora chora ovyo, kichwa hiki, mbwa yule, mpaka mchoro wenyewe umpe neno.

Mpangilio wa boksi nne ukikushinda anza na huu: la kwanza mtu anasema kitu, la pili mwenzie anajibu, la tatu kimya hamna neno wanaangalia mbele tu, la nne neno moja fupi. Lile boksi la kimya usilione kama uvivu. Linampa msomaji muda wa kufika kabla yako, na ukilijaza maneno kicheko kinakufa. Schulz alikuwa analitumia sana, mara nyingi watoto wawili wameegemea ule ukuta mfupi wa matofali, viwiko juu, hawasemi kitu.

Maumivu yako pia ni ghala, sema yatie kwa mzunguko. Mtu aliyepoteza mama wiki anayoingia jeshini hakuwahi kuchora mazishi, alimchora mtoto analala kitandani usiku anauliza maswali gizani. Lucy naye ana kile kibanda, badala ya kuuza limau anauza ushauri wa magonjwa ya akili kwa senti tano, na ushauri wenyewe mbovu. Mwaka 1959 hiyo! Nani alikuwa anaongelea sonona kwenye ukurasa wa katuni?

Akiba

Sehemu hii fupi lakini usipoizingatia utaacha ndani ya mwezi. Usitoe katuni ya kwanza mpaka uwe na za mwezi mzima zimekamilika ziko kwenye droo. Schulz alikuwa anafanya kazi wiki kadhaa mbele ya gazeti, na katika miaka yote hiyo alichukua likizo moja tu ya maana, wiki tano mwishoni mwa 1997 alipotimiza miaka 75. Asubuhi anaenda kwenye uwanja wa barafu alioujenga yeye na mkewe pale Santa Rosa, California, anakunywa chai yake mezani kwake pale pale, halafu studio, anafanya kazi saa za ofisi kama karani. Hakuna habari za kuchora usiku wa manane na maruhani. Panga saa yako, hata iwe moja tu kabla watu nyumbani hawajaamka.

Na mhusika mmoja anaweza kukaa nawe maisha yako yote, sio Marekani tu, wasomaji wa Taifa Leo wanamjua Juha Kalulu wa mzee Edward Gitau wa Kenya, miongo kwa miongo juha ni yule yule.

Ukitaka kugusa jambo zito

Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Siku chache baadae mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, akamwandikia Schulz kwamba itakuwa jambo kubwa akiweka mtoto mweusi kati ya wale watoto. Schulz mwanzo alisita, akasema anaogopa itaonekana kama anawachukulia watu weusi kama watoto wa kuhurumiwa, mwalimu akaomba ruhusa ya kuwaonyesha barua hiyo marafiki zake weusi, nao wakaandika wakamwambia weka tu. Tarehe 31 Julai 1968 Franklin akatokea. Na angalia alivyoingia: ufukweni, kamwokotea Charlie Brown mpira wake uliochukuliwa na maji, wanajenga ngome ya mchanga, wanaongea. Hamna hotuba wala mtu wa kushangaa. Franklin anataja tu kwamba baba yake yuko Vietnam. Baadae mhariri mmoja wa kusini alilalamika kuona hao watoto wanakaa darasa moja, hata shirika likaingiwa wasiwasi, na Schulz akawaambia ama mnachapisha kama nilivyochora ama naacha.

Kwa upande wa ufundi jifunze hapo: mlete mtu kwa kitu cha kawaida anachofanya, usimlete kwa ajili ya somo. Lakini jifunze na upande wa pili. Franklin alibaki mtoto mzuri mzuri tu asiye na kasoro, hana wazimu kama wa Linus, hana ubabe kama wa Lucy, na kwenye Peanuts asiye na kasoro hana cha kufanya, kwa hiyo miaka thelathini yuko pale anasikiliza wengine. Watu wamelisema hilo na wana haki. Ukimleta mhusika wa kabila au dini au hali ambayo unaogopa kuikosea, mpe na yeye kitu anachokitaka na hakipati, vinginevyo umemweka kiti cha mgeni.

Hela na mkataba

Peanuts ilipofika kileleni ilikuwa kwenye magazeti zaidi ya 2,600, nchi 75, lugha 21. Mei 1969 wanaanga wa Apollo 10 walikipa chombo chao jina Charlie Brown na kile cha kushukia karibu na mwezi wakakiita Snoopy. Mchoraji Quino wa Argentina alipoanza katuni yake ya Mafalda mwaka 1964 alikuwa amezisoma Peanuts, Italia kuna jarida la katuni lilianzishwa 1965 linaitwa Linus, na Bill Watterson wa Calvin and Hobbes amesema wazi deni lake kwa mzee. Lakini Watterson na Schulz waliachana kwenye jambo moja, Watterson aligoma kabisa wahusika wake kuwekwa kwenye midoli na fulana, Schulz alikubali karibu kila kitu, magari ya Ford, bima ya MetLife, kadi, filamu za televisheni kuanzia ile ya Krismasi ya 1965. Mimi niko na Watterson kwa moyo na niko na Schulz kwa tumbo, chagua mwenyewe.

Ila haki hazikuwa zake. Mkataba aliousaini akiwa kijana wa miaka 27 uliipa United Feature Syndicate umiliki wa Peanuts, na hata jina hakuruhusiwa kuchagua. Miaka mingi baadae akiwa na nguvu ndo akabana mpaka akapata kauli juu ya kazi yake, na familia ikaweka msimamo kwamba akiondoka hakuna mwingine wa kuchora katuni mpya. Novemba 1999 akaambiwa ana kansa ya utumbo, Desemba akatangaza kustaafu, katuni ya mwisho ya siku za kawaida, zisizo Jumapili, ikatoka 3 Januari 2000, na usiku wa tarehe 12 Februari akafa, masaa machache kabla gazeti la Jumapili lenye katuni ya mwisho kabisa halijafika milangoni kwa watu. Mpaka sasa magazeti yanarudia za zamani, na ni mwaka 2010 tu ambapo familia ilipata asilimia 20 ya umiliki, zile 80 zikanunuliwa na kampuni.

Kwa hiyo mhariri akikupigia simu, furahi, halafu omba karatasi. Iandikwe nani anamiliki wahusika, nani anamiliki jina la katuni, gazeti linanunua kuchapisha mara moja au limenunua moja kwa moja, michoro halisi inarudi kwako au inabaki ofisini, na wakitaka kuweka mhusika wako kwenye tangazo au kalenda mnagawana vipi. Wakisema mambo hayo tutaongea baadae, ongea nao sasa hivi kabla hujawapa ya kwanza, na hizo za mwezi mzima ulizonazo droo piga picha zote zenye tarehe uzihifadhi mahali pawili.